Akina Hariyeti

Mwezi uliopita tulimzika Hariyeti wa Tchomia, mkausha samaki, mwanamke mpana aliyekuwa na sauti ya kuwaita wavuvi wakiwa bado mbali ziwani. Niliporudi Bunia, kikwembe changu cha kujifunga kilikuwa kimeshika moshi wa matanuri yake. Nikakifua, nikakianika juani, nikakifua tena, moshi ukakataa kutoka. Nikakaa kwenye ngazi ya nyumba nimekipakata kama mjinga, ndipo likanijia wazo nisilolitaka: mtu wa mwisho aliyekuwa akiniita ndoyi amekwenda. Sasa namfahamu Hariyeti mmoja tu, naye ni mimi.

Siku hizi watoto wa mtaa wetu wa Mudzipela wanaitwa Merveille, Plamedi, Exaucé, Dieumerci. Majina mazuri, sina ugomvi nayo, ila ukiliita moja sokoni unageukiwa na nusu ya soko. Letu lilikuwa la Kiingereza, na sisi ni watu wa Kifaransa. Mwalimu wangu wa kwanza aliamua kwamba wazazi wangu wamekosea, akaniita Henriette mwaka mzima, na mimi kwa ukaidi sikumwitikia mwaka mzima. Mama aliitwa shuleni kuulizwa kama mtoto wake ana ugonjwa wa masikio.

Jina hilo lilitujia kutoka ng'ambo ya ziwa, Uganda, pamoja na mwanamke wa kizungu wa misheni aliyejenga nyumba ya kuzalishia juu ya kilima, katikati ya Bunia na ziwa, upande wa Djugu. Hiyo ilikuwa zamani, Papa, baba yangu, hajafikiriwa. Jina lake la ukoo hakuna aliyelikumbuka. Alikuwa Misi Hariyeti, basi, na kila mzee alikuwa na Misi Hariyeti wake. Kuna waliosema alikuwa mrefu, akainama kwenye kila mlango. Kuna waliosema alikuwa mfupi hata akapanda juu ya sanduku ndipo amfikie mzazi kitandani. Mimi niliamini yote mawili. Walisema alivuka ziwa na baiskeli imefungwa juu ya mizigo, kengele ikilia kwa kila wimbi. Walisema mwanamke akishikwa na uchungu yeye aliketi kando akanywa chai yake, akanyanyuka chai ilipoisha, na mtoto naye alisubiri. Na walisema kuna mume aliyepanda kilimani kumchukua mke wake kwa nguvu, akashuka peke yake, sikio limevimba.

Kila msichana aliyepokelewa na mikono yake, mama yake alimpa jina lile. Wavulana wawili watatu nao walipewa, ila hao walijitafutia majina mengine ndevu zilipoanza kuota. Misi akarudi kwao, akazeeka, akafa huko, jina likabaki linatembea kwetu. Kilima kikaitwa Kwa Hariyeti. Tchomia kulikuwa na mtumbwi mkubwa wa injini ulioandikwa Hariyeti ubavuni kwa rangi nyekundu, kwa kuwa mwenye mtumbwi alizaliwa na mmoja wao. Na katika barabara yote ile, kutoka mjini mpaka ziwani, walikuwako akina Hariyeti: mmoja wa cherehani, mmoja wa chumvi, mmoja mke wa mchungaji, na mmoja mlevi ambaye sisi watoto tulimpenda kuliko wote.

Mtu mwenye jina lako, kwetu, ni ndoyi wako. Neno ni la Kilingala lakini tumelifanya letu. Akina Hariyeti walikuwa na mchezo wao: wakikutana wawili, atakayewahi kupiga kelele «Ndoyi!» ndiye mwenye haki, na mwenzake lazima atoe kitu palepale, ndizi, pini ya nywele, kipande cha muhogo, chochote kilicho mkononi. Hariyeti hatembei mikono mitupu. Wanawake wenye wajukuu niliwaona wakijificha nyuma ya mafungu ya kabichi ili wamvizie mwenzao, kisha wakacheka mpaka wakafuta machozi kwa ncha ya kikwembe.

Mimi nilipewa jina la mama yake Papa. Tulimwita Tate, kama wengi wenu mlivyowaita bibi na babu zenu. Kwa sababu hiyo Papa hakuweza kuniita kwa jina, aliniita Mama. «Mama, umelamuka muzuri?» angeniuliza asubuhi, mimi nikiwa na makamasi na nguo ya ndani tu. Akileta karanga, alizipitisha kwanza kwangu. Mama yangu mzazi, nilipomchosha, aliniita mama mukwe, na alikuwa akilisema hilo kwa meno yaliyofungwa. Siku moja niliwaachia mbuzi wakaingia kwenye maharagwe ya jirani, Papa akainua mkono. Tate alikuwa ametutembelea kutoka kilimani. Hakusimama hata, alisema tu kutoka kwenye kigoda chake:

«Unanipiga miye? Miye nilikuzala, leo unanipiga?»

Mkono wa Papa ukaenda mfukoni. Katika Mudzipela nzima nilikuwa mtoto wa pekee asiyeweza kupigwa na baba yake, na nafasi hiyo niliitumia vizuri.

Tate hakuwa na meno ya muwa. Alinimenyea, akanikatia, na mimi nilipotafuna yeye alifumba macho akalamba midomo yake. «Ee, ya leo iko tamu,» alisema. Nikamuuliza ameonjaje. «Weye na miye tuko mutu moja. Weye unakula, miye nasikia.» Watu wazima wakacheka, mimi sikuona cha kuchekesha. Ilikuwa habari kama nyingine, kwamba Jumapili kuna kanisa, kwamba moto unaunguza. Alipong'olewa jino, nilishinda nimeshika shavu, na liliniuma kweli, naapa.

Halafu nchi ikaharibika. Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa, na wadogo zenu wameyaona ya kwao. Watu wa Djugu walianza kuingia mjini na magodoro kichwani, na kuku wamefungwa miguu, na watoto wasiolia. Papa alikwenda kila siku kusimama kando ya barabara, chini ya mikaratusi, akiwatazama usoni wanawake wazee mmoja mmoja. Siku aliyorudi na Tate amemshika mkono, Tate alikuwa na beseni kichwani. Mama alimtua. Ndani ya beseni kulikuwa na kifuniko cha sufuria, na sufuria yenyewe haikuwako. Hakuna aliyeuliza sufuria iko wapi.

Nyumba yetu ilijaa. Ndugu wa Mama, ndugu wa Papa, ndugu za watu ambao mpaka leo sijui walikuwa ndugu za nani. Mama alipika bugali, sombe ya majani ya muhogo na maharagwe, akagawa kwa macho makali. Sisi watoto tulikuwa na sahani moja ya kuizunguka, na mwenye mkono mwepesi ndiye aliyeshiba. Mimi mkono wangu ulikuwa mzito. Nilizoea kupitishiwa karanga kwanza, sikujua kunyang'anya.

Tate alipewa chumba kidogo kando ya jiko, na sahani yake mwenyewe, kwa sababu ya uzee. Nyumbani kwetu mzee haangaliwi anapokula, isipokuwa na ndoyi wake. Kwa hiyo ni mimi niliyembebea sahani, nikafunga mlango, nikakaa kwenye mkeka miguuni pake. Siku ya kwanza aliitazama ile sahani kwa muda mrefu. Kisha akaisukuma kwangu kwa vidole viwili.

«Kula, ndoyi.»

«Na Tate?»

«Nitasikia.»

Akafumba macho. Nilikuwa na njaa ya kutosha kula na sahani. Nilikula nikimtazama midomo, na nilipofika katikati nikaona ulimi wake unaipitia, pole sana.

«Iko tamu?» nikauliza.

«Sana.»

Nilirudisha sahani jikoni ikiwa safi kabisa. «Tate alikula?» Mama aliuliza. «Alikula yote,» nikajibu. Mama alimwambia Papa, na Papa alimshukuru Mungu kwa sauti mbele ya wageni wote. Mtu akiniuliza leo kama nilidanganya, nitamwangalia tu. Nilisema kilichotokea.

Ikawa hivyo mchana na jioni. Tate alianza kuongea tena, kidogo, na kila mara aliongea jambo moja. Mgeni akiingia kutoka upande wa kilima, alimwita mlangoni pake. «Na ndoyi yangu wa cherehani?» Mgeni akatazama chini. «Huyo, Tate, hatukumuona tena.» Siku nyingine: «Na wa chumvi?» «Wa chumvi nilisikia tu. Sikuona kwa macho.» Akauliza juu ya mke wa mchungaji. Akauliza juu ya mlevi. Huyo walisema alionekana anaingia porini anaimba, na hakuna aliyeonana naye baada ya hapo. Akauliza nyumba ya kuzalishia. Mtu aliyeulizwa hilo alifungua tu kiganja akakipuliza. Baada ya kila jibu Tate alinigeukia mimi akanitazama kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu. Nilijinyoosha, nikidhani anataka kuona kama nimekua.

Na nilikuwa nimekua. Mashavu yalinijaa, mpaka binamu zangu wakaniita mandazi. Tate alikuwa anapungua. Pete ilitoka kidoleni ikaviringika chini ya kitanda, tukaitafuta pamoja. Nililiona hilo, mtoto si kipofu, na nilitafuta sababu yake kwa akili niliyokuwa nayo. Nikaona kosa liko kwenye utafunaji wangu. Nilikuwa nameza upesi mno, chakula kinanishukia mimi kabla hakijapata njia ya kumfikia. Nikaanza kutafuna taratibu, kila tonge, mpaka taya zinachoka, ili kimfikie kikiwa laini. Sikuwahi kula kwa bidii namna ile katika maisha yangu, wala sikuwahi kumpenda mtu kwa kazi ngumu kiasi kile.

Hariyeti wa Tchomia alitufikia wakati huo. Alikuwa anawatafuta watu wake mjini, ana kikapu mgongoni, na alipiga kelele tangu kwenye lango: «Ndoyi! Toeni kitu!» Sisi wawili tulikuwa tumeshindwa kwa mpigo. Nilikimbia nikampa kifungo cha shati. Akacheka, akanibana kwenye ubavu wake, akaingia kwa Tate akidai haki yake. Tate alifungua viganja vyote viwili kumwonyesha kwamba hakuna kitu. Hariyeti akaendelea kucheka kidogo, kama mtu anayeteremka mlima na miguu inakataa kusimama. Kisha akaushika mkono wa Tate juu ya kiwiko, akaugeuza, akautazama upande wa ndani.

Alitoka akamkuta Mama jikoni.

«Huyu mama hakuli.»

«Anakula kila siku!» Mama alisema, na alikasirika, kwa sababu alikuwa akijinyima mwenyewe ili ile sahani ijae. «Uliza mutoto. Sahani inarudiaka safi.»

«Usinidanganye, mama. Miye nakaushaka samaki. Najua kitu yenye inakauka.»

Aliingia tena chumbani, akakaa sakafuni, akaegemea ukuta. «Leteni chakula yake,» alisema. «Leo nitaangalia.» Mama alisimama mlangoni, mikono ina unga. Nikaleta sahani. Sikuwa na wasiwasi wowote. Huyu naye alikuwa Hariyeti, alikuwa na haki ya kuona. Nikaiweka mbele ya Tate, Tate akaisukuma, akafumba macho. Nikaanza kutafuna.

«Unafanya nini?» Mama aliuliza.

«Nakula kwa fasi yake,» nikasema, mdomo umejaa. «Tate anasikia.»

Mama alikaa chini juu ya kinu kilichokuwa kimelala pale mlangoni. Walimwita Papa, alikuwa nje anafunga mnyororo wa pikipiki yake, akaja na mafuta mikononi. Akaniomba niseme tena. Nikasema tena, nikamweleza na habari ya kutafuna taratibu, kwa kuwa nilidhani hilo litampendeza. «Mama,» akasema Papa, na mimi na Tate tukainua nyuso pamoja. Alisimama pale na mikono yake michafu ameitanua kando, kana kwamba anaogopa kuchafua hewa.

Hakuna aliyenipiga, wala aliyenigombeza, na hilo liliniogopesha kuliko fimbo. Ni Tate aliyesema, na alisema kwa uchovu wa mtu anayejibu mlangoni:

«Musimuchokoze mutoto. Chakula inafika hapa,» akagusa koo, «inakataa. Tangu kule. Yeye alikuwa na njaa. Sasa ningefanya nini?»

Wote walijaribu. Hariyeti wa Tchomia aliahirisha safari yake, akabaki kwetu akipika uji wa soya mwembamba kama maji. Mwuguzi wa kituo cha jirani alikuja akatundika chupa ya seromu kwenye msumari, maji yamwingie mshipani, akasema lililo muhimu ni ale, kana kwamba sisi tulikuwa tunabishana na jambo hilo. Mchungaji wa mtaani kwetu aliomba. Papa alipiga magoti na kijiko mkononi, akambembeleza mama yake kwa maneno aliyokuwa akiniambia mimi nikiwa na homa. Kisha akakasirika. Sikuwahi kumsikia akimpandishia mama yake sauti. «Umetembea njia yote ile ukuje kufa kwangu? Kwangu?» Tate alimtazama kwa huruma, akampapasa kichwa. Papa akatoka, akaiosha pikipiki iliyokuwa safi tayari. Niliona maji yanapita juu ya matairi, na yeye anasugua palepale, palepale.

Mama aliniita kando akaweka kiganja chake juu ya tumbo langu. «Hii ni yako,» alisema. «Ya Tate ni ya Tate. Hakuna mutu anashibaka kwa tumbo ya mwenzake. Umesikia?» Nilisema nimesikia. Sikukubali. Angejuaje yeye? Hakuwa Hariyeti. Alikuwa na jina la peke yake, maskini.

Ila nililiwaza neno lake usiku na mchana, nikaona kuna mlango mwingine. Kama shibe yangu ilikuwa inamshibisha, basi ndiyo maana hataki kula: ameshiba! Nimemshibisha mno. Dawa yake ni njaa. Nikiwa na njaa mimi, atakuwa na njaa yeye, na mwenye njaa anakula. Hilo nililijua kuliko yote niliyowahi kufundishwa.

Nikaacha kula. Nilikaa kwenye duara la sahani ya watoto nikapeleka mdomoni mkono mtupu, na binamu zangu, Mungu awabariki, hawakuuliza swali. Njaa ya kuchagua ni ngeni, si kama ile ya kukosa. Mwanzoni nilijiona shujaa. Baadaye vitu vyote vilianza kunuka chakula, hata sabuni, hata ukuta uliolowa mvua. Nilikaa miguuni pa Tate nikisubiri njaa ivuke, nikimtazama kama mtu anayetazama sufuria ichemke.

Mchana mmoja tumbo langu lililia. Lililia kwa nguvu na kwa muda mrefu, kama mlango unaofunguliwa taratibu. Tate alifumbua macho.

«Ndoyi. Ile tumbo inalia ni ya nani?»

«Yetu,» nikasema.

Alinitazama. Nadhani alielewa yote, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, maana uso wake ulikunjamana, sijui kwa kicheko au kwa kitu kingine. Akajiinua kwenye kiwiko.

«Nasikia,» alisema. «Nasikia njaa yako. Leta ile uji.»

Nilitoka nikipiga mayowe. Nyumba nzima ilikuja mlangoni. Hariyeti alileta bakuli, Papa akataka kushika kijiko, Tate akasema hapana, ndoyi. Nikamlisha mimi. Kijiko cha kwanza akakimeza, nikakiona kinashuka kwenye shingo yake nyembamba. Cha pili. Cha tatu. Hariyeti wa Tchomia akapiga vigelegele vilivyosikika mpaka barabarani. Papa aliushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Mama alikuwa anasema «Asante, asante,» bila kumtazama mtu yeyote. Na mimi nilijua nimefanya hilo. Sijawahi kujua kitu kwa uhakika namna ile tena.

Kisha uji ukarudi. Wote, pamoja na maji ya manjano, ukamlowanisha kifua na shuka na mkono wangu wenye kijiko. Ulirudi tena wakati hakukuwa na kitu cha kurudi. Alipotulia, alikuwa analia kwa aibu, mzee wa watu, mbele ya watoto na wakwe. Akaupapasa mkeka mpaka akapata vidole vyangu.

«Pole, ndoyi,» alisema. «Nilijaribu.»

Alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Wanawake walikuwa wanatwanga sombe nje, mimi nilikuwa nimetumwa kibandani kununua sabuni. Niliporudi michi ilikuwa imenyamaza. Nikasimama uani na sabuni yangu, na hakuna aliyeipokea.

Nimekua, nimezaa, nimewauliza watu waliosoma. Daktari mmoja alinieleza kwamba mzee aliyeona mambo mazito mwili wake unaweza kujifunga, na alilieleza kwa Kifaransa kizuri sana. Nilimshukuru. Sidhani alikosea. Lakini nikimwaza Tate simwoni mgonjwa. Namwona mtu aliyekubali kuchukua vijiko vitatu ambavyo alijua havitapita, kwa sababu mtoto mbele yake alikuwa na njaa. Na namwona yule mtoto anayesubiri. Kati ya hao wawili hakuna aliyeweza kumsaidia mwenzake hata kidogo, na wote wawili walikuwa wanajaribu kwa nguvu zao zote. Hilo linanikera mpaka leo. Ningependa kumkasirikia mtu, nikitafuta uso wa kuukasirikia ndani ya kile chumba sipati.

Matanga yalijaza kiwanja na kumwagika mpaka njiani. Walikuja watu wa kanisa, walikuja wakimbizi wa Djugu waliomjua Tate na wengi ambao hawakumjua, maana kulikuwa na chungu motoni na hilo si siri. Kufa kufaana, wazee walisema, wala sioni ubaya. Parokia ilitoa mchele na mbuzi wawili. Watoto wa rika langu walisimama kuzunguka masufuria, wamenyamaza kabisa, na macho yao yalifuata kila mwiko uliopanda na kushuka.

Chakula kilipoiva hakuna aliyegawiwa. Hariyeti wa Tchomia alisimama katikati ya watu, macho yamevimba. «Ndoyi yake akule kwanza,» alisema. Ndivyo ilivyo kwetu: marehemu akiwa na ndoyi, ndoyi huyo ndiye anayefungua chakula cha matanga, na kabla yake hakuna anayegusa. Wakanikalisha kwenye kiti, miguu yangu haikufika chini. Wakaniwekea sahani mapajani, mchele umerundikwa, na juu yake nyama.

Nilikuwa sijala tangu nilipoanza kumtafutia Tate njaa. Niliitazama ile nyama. Sasa nilikuwa najua yale ambayo Mama alijaribu kunifundisha; nilikuwa nimeyaona yakinilowanisha mkono. Nitakachomeza kitabaki ndani yangu, hakitakwenda popote. Nikaishika sahani, sikumega. Watu wakasubiri. Mtoto mmoja akaanza kulia kwa njaa, mama yake akamziba mdomo. Papa akaja akachuchumaa mbele yangu, uso wake ukawa sawa na wangu.

«Mama, nakuomba,» alisema. «Batu wako na njaa.»

Nikamega. Nyama ilikuwa imechemka vizuri, ina chumvi ya kutosha na pilipili kidogo, na mafuta yake yalikuwa yameingia kwenye mchele. Ilikuwa tamu. Nilitaka isiwe tamu, nikaonja tena nihakikishe. Nikala ile ya pili, na ya tatu, kwa mikono miwili, mchuzi ukanishuka mpaka kiwikoni nikaulamba, na nyuma ya Papa watu wakaanza kupanga mstari kwa kelele na vyombo vyao. Papa hakuondoka. Alichuchumaa palepale akinitazama, machozi yanamtoka bila sauti, mpaka nilipomaliza. Nikamnyooshea sahani, nikamwomba aniongezee.